Hariri imekakamaa baada ya kutiwa rangi: ubaya uko kwenye kitambaa, rangi au maji?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtengenezaji wa batiki hapa Ngamiani, Tanga. Kazi nilijifunza kwenye kikundi cha akina mama, na kwa pamba sina wasiwasi: kostiki, haidro, rangi, maji ya moto, mambo yanakwenda. Juzi shangazi yangu aliyeko Muscat aliniletea mita kumi za hariri nyeupe, na familia moja ikaniagiza mitandio sita ya harusi, ya zambarau na dhahabu. Nikakata mitatu ya kwanza nikaitia rangi kwa kipimo kile kile cha pamba. Imetoka imekakamaa, mng'ao umekwisha, rangi ina mabaka, na mmoja ulichanika nilipokuwa naukamua. Nilipoifua, maji yalitoka zambarau. Jirani anasema hariri ni feki. Mwenzangu wa kikundini anasema niiloweke kwenye siki na chumvi usiku kucha ili rangi ishike. Mama mkwe anasema ni maji yetu ya kisima. Nifanye nini na kitambaa kilichobaki, na je, ile mitatu inaweza kuokoka?"

Marahaba mwanangu, na pole. Umeeleza kila kitu ambacho fundi huhitaji kusikia: kipimo ulichotumia, kitambaa kilivyotoka, kilivyochanika, na maji ya kufulia yalivyokuwa. Kwa maelezo hayo naweza kukujibu bila kubahatisha. Kilichoiharibu hariri yako ni kostiki, ile alkali kali ya kuyeyushia rangi ya batiki. Shangazi hana kosa, muuza rangi hana kosa, na kisima chenu kina sehemu yake, lakini ni ndogo.

Tuanze na shangazi, maana tuhuma ya feki ni nzito. Hariri ya bandia inayouzwa kwa wingi ni satini ya poliesta. Ingekuwa hiyo, ingetoka kwenye beseni lako laini kama ilivyoingia, na rangi karibu yote ingeondoka kwenye suuza ya kwanza. Kukakamaa, kupoteza mng'ao na kuchanika ndivyo hariri halisi inavyofanya ikikutana na kostiki. Kwa hiyo hasara yenyewe inamtetea shangazi. Kitambaa kingine kinachoweza kutudanganya ni reyoni, ambayo nayo hulegea ikilowa, basi usiniamini kwa maneno matupu. Chomoa nyuzi chache pembeni mwa kitambaa kilichobaki, zishike kwa kibano juu ya kopo la bati lenye maji, uziwashe. Hariri huwaka kwa kusitasita, moto ukiondolewa huelekea kuzima wenyewe, hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake jeusi husagika kati ya vidole. Poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu lisilovunjika. Pamba na reyoni huwaka upesi, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu jepesi la kijivu. Jaribu nyuzi za urefu na za upana kila moja peke yake, kwa kuwa viko vitambaa vilivyofumwa hariri upande mmoja na pamba upande wa pili.

Hiyo harufu ya nywele ndiyo ufunguo wa kazi yote. Hariri, sufu na nywele ni protini. Pamba, kitani na mkonge wetu wa Tanga ni selulosi, nyama ya mmea. Kiwavi wa hariri hutema uzi mmoja usiokatika ambao unaweza kukaribia au kuzidi mita 1,000, akajizungushia kifukofuko chake. Ndani ya uzi huo mna nyuzi mbili za protini iitwayo fibroini, zimeshikanishwa na gundi ya protini nyingine, serisini, ambayo ni kama robo ya uzito wote. Ukiukata uzi wa fibroini na kuutazama kwa hadubini, uso wake una umbo la pembetatu yenye kona za mviringo, na pembe hizo ndizo zinazoupinda na kuurudisha mwanga. Mng'ao wa hariri haukupakwa juu. Uko kwenye umbo la uzi, na umbo likiliwa, hakuna sabuni wala pasi itakayourudisha.

Sasa tazama kilichotokea ndani ya beseni. Rangi yako ya batiki haiyeyuki kwenye maji mpaka kostiki na haidro, ule unga unaoiondolea rangi oksijeni, ziigeuze. Ikishageuka hupenya kwenye pamba, halafu hewa huirudisha katika hali yake ya kwanza, ikajifungia humo ndani. Ni njia nzuri sana kwa pamba. Pamba haiogopi kostiki. Mwingereza John Mercer alipata hataza mwaka 1850 ya kuitia pamba kostiki kali, na baadaye ikajulikana kwamba ikivutwa huku imo kwenye kostiki hutoka iking'aa zaidi. Hariri ni kinyume chake. Kostiki hukata viungo vinavyozishikanisha chembe za protini, na joto huharakisha ukataji huo. Kwenye maabara za nguo, njia moja ya kutenganisha hariri na pamba ni kuchemsha kitambaa ndani ya kostiki ya asilimia 5: hariri huyeyuka yote, pamba hubaki. Beseni lako halikuwa kali kiasi hicho, lakini lilikuwa kwenye njia hiyo hiyo. Juu ya nyuzi zilizokwisha kuliwa ukaongeza kukamua, na hariri hata ikiwa nzima hupungua nguvu inapolowa. Ndiyo maana mmoja ulichanika mikononi mwako.

Kuhusu mabaka, nadhani kuna sababu mbili zilizokutana. Huenda kitambaa kilikuwa bado na mabaki ya gundi au dawa ya kiwandani, na rangi haipenyi sawasawa mahali penye gundi. Tena kostiki yenyewe hula gundi hiyo hapa zaidi na pale kidogo. Hariri iliyokwisha kuondolewa gundi huwa laini na nyororo tangu mwanzo. Ile yenye gundi huwa na ukakasi na weupe uliofifia. Yako ilikuwa na mng'ao kabla ya kutiwa rangi, kwa hiyo kuiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida isiyo kali kutatosha. Tumia sabuni ya vipande iliyo laini au shampuu nyepesi ya nywele. Sabuni za unga za kufulia nyingi ni kali, na baadhi zina vimeng'enya vilivyowekwa makusudi kula madoa ya protini, yaani damu, maziwa na mayai. Kwa vimeng'enya hivyo, hariri nayo ni chakula. Na maji ya kung'arishia nguo nyeupe, yale yenye klorini, yasiikaribie hariri kabisa: huifanya njano, huila, na yakiwa makali huiyeyusha.

Habari ya siki na chumvi nataka niiseme kwa kirefu kidogo, kwa sababu imeenea katika vikundi vyetu vyote na ina ukweli wa nusu. Mwenzako anaona siki kama kufuli: unatia rangi kwanza, halafu unafunga kwa siki. Siki haifungi rangi iliyokwisha kukaa vibaya. Kazi yake iko ndani ya maji ya rangi yenyewe, wakati wa moto, na tena kwa rangi za aina moja tu, zile ziitwazo rangi za asidi, ambazo hutumika kwa hariri, sufu na nailoni. Protini ya hariri ina sehemu ambazo, maji yakiwa na uchachu, huchukua chaji chanya. Rangi ya asidi ikiyeyuka huwa na chaji hasi. Zinavutana, joto linaufungua uzi, rangi inaingia na kukaa. Pamba haina sehemu hizo, ndiyo maana rangi za asidi huipita tu na kuondoka na maji. Kuiloweka mitandio yako usiku kucha kwenye siki baridi hakutaishikisha rangi ile, kwa kuwa rangi ile haikuhitaji siki tangu mwanzo. Na chumvi? Kwa rangi za asidi, chumvi hushindana na rangi kuzifikia zile chaji na kuichelewesha. Zipo zinazofaidika na ucheleweshaji huo, zinatulia na kuenea sawasawa, lakini huko si kufungwa. Wewe iache kwanza.

Kwamba hariri na pamba zina mapenzi tofauti kwa rangi si jambo geni. Mwaka 1856 kijana William Henry Perkin, akiwa na umri wa miaka 18 kule London, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini ya kutibu malaria. Badala yake akapata utomvu mweusi uliotoa zambarau, rangi ya kwanza ya kiwandani iliyopata soko kubwa. Hariri iliipokea moja kwa moja. Pamba ilikataa, mpaka ilipotafutwa njia ya kuipitisha kwanza kwenye tanini, ile dawa ya magome. Nakutajia habari hii kwa sababu zambarau ndiyo uliyoagizwa, na hariri ni kitambaa kinachoipenda.

Mama mkwe tumfikie. Anasema kweli kiasi. Mwamba wetu wa pwani ni matumbawe, na maji ya visima vilivyochimbwa ndani yake huwa na chokaa nyingi, mengine na munyu wa bahari. Chokaa hula siki yako kabla haijaifikia hariri, na hugandana na sabuni ikaacha utando kwenye nyuzi, nao utando huleta mabaka na kufifia. Ila maji ya kisima peke yake hayachani kitambaa. Ukiwa na maji ya bomba, yale ya mto Sigi yanayotoka bwawa la Mabayani, tumia hayo. Kilicho bora zaidi ni maji ya mvua: masika yakianza, kinga pipa moja safi usilolitumia kwa kitu kingine, baada ya mvua ya kwanza kusafisha bati. Ukilazimika kutumia ya kisima, ongeza siki kidogo kidogo na upime kwa karatasi za kupimia uchachu, zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Unatafuta pH ya 4 hadi 5.

Haya, kazi yenyewe. Nunua rangi za asidi, na usikubali muuzaji akuambie "hii inafaa kila kitambaa" bila lebo. Pima hariri ikiwa kavu kwa mizani ndogo. Mtandio mmoja mwepesi mara nyingi huwa kati ya gramu 50 na 80. Kwa kila gramu 100 za hariri tumia lita 4 za maji, gramu 1 hadi 2 za unga wa rangi kwa rangi ya kati, na kama mililita 60 za siki nyeupe ya asilimia 5, yaani vijiko vinne vya chakula. Ukitaka kukoleza sana nenda hadi gramu 3 au 4, na nyeusi ndiyo hula unga mwingi kuliko zote. Unga ukoroge kwanza kwa maji kidogo ya vuguvugu mpaka uwe uji usio na madonge, uongeze maji ya moto, kisha uchuje kwa kitambaa. Chembe moja ya unga isiyoyeyuka inatosha kukuwekea nukta katikati ya mtandio wa bibi harusi.

Sufuria ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Zetu nyingi ni alumini. Kostiki hula alumini na kutoa gesi inayoshika moto, siki nayo huitafuna polepole, na alumini inayoyeyuka hubadilisha baadhi ya rangi. Tafuta ya stenlesi, au ya enameli isiyobanduka, iwe pana hariri ielee bila kujikunja. Ikishatumika kwa rangi isirudi jikoni.

Loweka hariri nusu saa kwenye maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni, uisuuze, uitie kwenye maji ya rangi ikiwa imelowa na maji yakiwa ya joto unaloweza kuweka mkono, kama digrii 40. Hapo usitie siki bado, au tia robo yake tu. Pandisha moto polepole, dakika 30 hadi 40, mpaka digrii 85. Kipimajoto ni rahisi kukipata, lakini ukiwa huna, tazama pembeni mwa sufuria: vipovu vidogo na mvuke mzito, bila maji kucheza. Yakichemka kwa nguvu hariri hujisugua na kuchakaa. Kwenye jiko la mkaa, punguza makaa mapema, maana mkaa haukusikilizi kama gesi. Katikati ya safari itoe hariri, mimina nusu ya siki, koroga, irudishe. Baada ya dakika 10 fanya hivyo tena kwa iliyobaki. Usimimine siki juu ya kitambaa. Ukifika digrii 85 kaa hapo nusu saa, ukiigeuza taratibu kwa mwiko mlaini.

Halafu tazama maji. Rangi ya asidi ikienda vizuri, maji hubaki karibu meupe, kwa kuwa rangi yote imehamia kwenye hariri. Mtu aliyezoea batiki ya pamba hushangaa sana kuona hivyo mara ya kwanza. Yakiwa bado yamekoza, ongeza kijiko cha siki na usubiri dakika 10. Yakitakata, zima, acha hariri ipoe humo humo, suuza kwa maji ya vuguvugu mpaka yatoke safi, suuza ya mwisho iwe na kijiko kimoja cha siki kwa lita. Hiyo huiamsha hariri, ukiibana inatoa ule mlio wake mkavu. Usikamue. Ikunje ndani ya taulo, ukandamize, uianike kivulini.

Zambarau itakusumbua kidogo, nikuonye mapema. Zambarau nyingi ni mchanganyiko wa nyekundu na bluu, na nyekundu huwa na haraka ya kuingia. Ukikimbiza moto au siki, utaona waridi sehemu moja na bluu nyingine. Kabla ya kununua nyingi, nyunyiza chembe chache za unga kwenye karatasi nyeupe ya tishu iliyolowa. Ikitawanyika rangi mbili, ujue ni mchanganyiko na itataka moto wa polepole kweli kweli.

Na hapa niseme neno kuhusu oda yenyewe. Zambarau na dhahabu zikipandana hutoa kahawia. Rangi hizi ni kama maji ya glasi, hazifunikani. Ya chini huonekana kupitia ya juu. Ukitia mtandio wote dhahabu kisha ukafunga na kuchovya kwenye zambarau, utapata kahawia na madoa ya dhahabu, na familia haitafurahi. Ningekuwa mimi ningewashauri mitatu iwe ya zambarau na mitatu ya dhahabu, kila mmoja umefungwa ukaachiwa mistari myeupe, wavae wakichanganyikana. Wakishikilia rangi zote mbili kwenye mtandio mmoja, funga kwa uzi mzito, chovya zambarau, suuza, fungua, kisha paka dhahabu kwa brashi kwenye nafasi nyeupe tu, uishikishe rangi hiyo kwa mvuke.

Mvuke ndio unaotatua pia swali ambalo hukuuliza lakini utaliuliza kesho: nta. Huwezi kutia mtandio wenye nta kwenye maji ya digrii 85, itayeyuka na michoro yako itaondoka nayo. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kupaka rangi ya asidi kwa brashi ikiwa baridi, kuacha ikauke, kuviringisha kitambaa ndani ya karatasi safi zinazonyonya, na kukining'iniza ndani ya sufuria ndefu yenye maji chini, kisiguse maji wala kuta, ukifunika kifuniko kwa kitambaa kizito ili matone yasidondoke. Saa moja ya mvuke inatosha. Nta huyeyukia kwenye karatasi, rangi hubaki. Njia ya pili ni rangi baridi zinazoshikamana na uzi wenyewe kwa magadi soda, yaani soda ash. Magadi soda nayo ni alkali, lakini ni dhaifu mno kuliko kostiki, na kwa gramu 10 hadi 20 kwa lita, kwa maji baridi, kwa muda mfupi, hariri huivumilia. Mng'ao hupungua kidogo na baadhi ya rangi hutoka tofauti na zinavyotoka kwenye pamba, kwa hiyo jaribu kipande. Mwishoni lazima uisuuze kwa maji yenye siki ili alkali iliyobaki isiendelee kula taratibu kabatini. Magadi ya mawe ya kupikia maharage usiyatumie. Yana udongo na uchafu ambao huwezi kuupima. Kwa harusi hii, mimi nakupendekezea kufunga na kuchovya. Nta kwenye hariri ijifunze baada ya harusi, bila presha ya tarehe.

Huenda ukashawishika na rangi za asili, na kwa hariri ni shauri zuri, kwa kuwa protini huzipokea vizuri kuliko pamba. Dhahabu unaweza kuipata kwa maganda makavu ya vitunguu maji. Chemsha maganda yenye uzito sawa na hariri kwa saa moja, chuja, utie hariri ambayo umeitangulizia shabu, lile jiwe jeupe la vinyozi, kiasi cha gramu 10 hadi 15 kwa gramu 100 za hariri. Hutoka dhahabu ya joto, nzuri mno. Manjano ya jikoni humeremeta zaidi siku ya kwanza, lakini jua hulifuta upesi, na kumuuzia mteja kitu kitakachopauka ndani ya mwezi bila kumwambia naona ni kumdhulumu. Kahawia na wekundu wa udongo hutoka kwenye magome ya mkandaa na mkoko. Wasuka mikeka wa pwani wanayajua. Ila mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali, na mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina hufa. Usibandue wala kutuma mtoto akabandue. Uliza kwa maofisa wa TFS, wakala wa misitu wa serikali, kuhusu kibali, au omba magome ya miti iliyokwisha kukatwa kwa kibali. Zambarau inayodumu kwa mimea ya hapa nyumbani ni kazi ngumu, sikushauri kuianza kwenye oda ya harusi.

Mitandio mitatu iliyoharibika. Nguvu iliyopotea hairudi, hilo lijue. Unachoweza ni kuzuia isiendelee kuharibika na kurudisha ulaini kidogo. Iloweke nusu saa kwenye maji yenye vijiko viwili vya siki kwa lita, isuuze, ioshe kwa sabuni laini na maji ya vuguvugu mpaka maji yasitoke rangi tena, halafu iloweke tena kwenye siki nyepesi. Ikikauka ivute taratibu pande zote mbili. Isiyotoa mlio wala kuachia nyuzi unaweza kuipitisha kwenye rangi ya asidi ya zambarau iliyokoza ikafunika mabaka, ukaitumia mwenyewe au kuifanya vipande vya majaribio. Kuiuza kama hariri nzima, hapana, hata kwa bei ya chini, kwa sababu itachanikia kichwani kwa mtu, na jina litakalotajwa ni lako. Ule uliochanika ukate vipande vya kiganja. Ndivyo utakavyotumia kujaribia kila rangi mpya kabla ya kugusa kitambaa kizima.

Kuhusu usalama nitakuwa mkali. Unga wa rangi ukipumuliwa huweza kuleta pumu isiyotoka, kwa hiyo vaa barakoa unapopima, zima feni, na watoto wakae mbali. Glavu ni lazima. Haidro iwekwe pakavu, kwa kuwa ikipata unyevu huweza kushika moto yenyewe, na isichanganywe na siki kamwe, hutoa moshi unaokaba koo. Kwa hiyo siku ya hariri vifaa vya pamba viwe vimeondolewa mezani. Kostiki ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, usitie siki wala maziwa, na nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua, maana kostiki huendelea kuchimba ndani kimya kimya. Ukiona kifua kinabana au unakohoa kila siku ya rangi, usisubiri. Mwone daktari na umweleze kazi unayofanya.

Kuna mambo ambayo maandishi hayawezi kukufundisha. Ukijaribu kipande mara mbili kwa maji ya mvua na bado mabaka yanatoka, au unga ulionunua hauna lebo na hujui ni wa aina gani, chukua kipande, pakiti na chupa ya maji yako uende ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapa Tanga. Wanawasaidia watengenezaji wadogo, na wakishindwa watakuelekeza kwa anayeweza. Kufundishwa mvuke na mtu aliyesimama karibu yako kunakuokolea hariri nyingi.

Kitambaa kilichobaki usikikate kesho. Kioshe chote kwa sabuni laini kikiwa kizima, kikauke kivulini, ukipige pasi ya wastani upande wa ndani kikiwa na unyevu. Jaribu zambarau na dhahabu kwenye vipande vya ule mtandio uliochanika, mpelekee mama wa bibi harusi achague kwa macho yake mchana, nje, maana taa ya ndani huidanganya zambarau. Vipande hivyo vimekwisha kuliwa na kostiki, kwa hiyo vitatoka vimekoza au kufifia tofauti kidogo na hariri nzima. Mwambie hivyo, kisha kata mtandio mmoja tu, uutie rangi, akiukubali ndipo ukate mitano iliyobaki. Na unapokabidhi, waambie wavaaji marashi wajipake kwanza yakauke ndipo wavae, wasiyapulizie juu ya hariri, na jasho la siku ile walisuuze kwa maji baridi usiku huo huo kabla ya kukunja.